Safari za Kipupwe na Desturi za Kuposa katika Buha ya Zamani

Nchi ya Buha ni nchi ya vilima na mvua. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, nayo huendelea mpaka Aprili au Mei. Kisha huja miezi ya ukavu, yaani Juni, Julai na Agosti, ambayo katika milima ya Manyovu na Heru ni miezi ya baridi vilevile. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, na wazee huota moto mpaka jua lipande. Hayo ndiyo majira ya kipupwe. Katika siku za kale majira hayo yalikuwa na kazi mbili kubwa, safari na posa. Katika habari hii twataka kueleza jinsi kazi hizo mbili zilivyofungamana, na hasara iliyopatikana zilipotengana.

Yafaa kwanza tuulize, kwa nini watu walingoja kipupwe? Sababu zake ni nyingi, na kila mkulima atazifahamu upesi. Wakati wa masika mito hufurika, mabonde huwa matope, na majani huwa marefu kupita kichwa cha mtu, hata njia haionekani wala mnyama mkali haonekani. Tena mikono yote yatakiwa shambani, kwa kulima na kupalilia. Lakini mavuno yakiisha kuingia ghalani, mambo hugeuka. Maji ya mito hupungua, majani hukauka na kuchomwa, na mtu huweza kuona mbali. Chakula cha njiani kipo, na nafaka ya kupikia pombe ipo. Basi aliyekuwa na haja ya kwenda mbali alikwenda wakati huo, na aliyekuwa na haja ya kuoa alianza shauri lake wakati huo.

Jambo hili si la Waha peke yao. Mbali sana kaskazini mwa dunia, katika nchi za Norway, Uswidi, Finland na Urusi, wapo watu waitwao Wasami. Kwao majira ya safari yalikuwa wakati wa baridi kali, maana ndipo maziwa na vinamasi vilipoganda kuwa kama jiwe, na theluji ikafunika nchi yote. Walisafiri kwa vigari visivyo na magurudumu, vinavyoteleza juu ya theluji, vikivutwa na mnyama wa jamii ya kulungu wanayemfuga kama sisi tufugavyo ng'ombe. Mwaka wa 1605 mfalme wa Uswidi aliamuru masoko ya wakati wa baridi yawekwe katika nchi yao, na moja la masoko hayo, la Jokkmokk, lingali likifanyika kila mwezi wa Februari. Watu walipokusanyika sokoni walilipa kodi, wakauza ngozi, wakahudhuria kanisani, na padre akawabatiza watoto na kuwafungisha ndoa vijana. Basi mwanadamu ni mmoja. Kila taifa lina majira ambayo njia hufunguka, na njia ikifunguka, biashara na ndoa hupita pamoja.

Na tuirudie Buha. Njia kuu ya kipupwe ilikuwa njia ya chumvi, iendayo Uvinza. Huko, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia katika mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu waliochimba ardhi mahali hapo mwaka wa 1967 waliona vigae na majivu ya zamani sana, wakafahamu ya kuwa watu walipika chumvi pale kwa muda wa miaka elfu moja na mia kadhaa. Kazi hiyo haikuwezekana wakati wa masika, kwa sababu maji ya mvua na ya mto huchanganyika na yale ya chemchemi na kuyapunguza ukali. Kwa hiyo ukavu ulipoingia watu walifika kwa maelfu, Waha, Warundi, Wanyamwezi na wengineo, wakajenga vibanda vya majani, wakakata kuni, wakachota maji na kuyachemsha katika vyungu mpaka chumvi ibaki chini. Watawala wa Uvinza walitwaa fungu lao katika chumvi ya kila mgeni. Iliyobaki ilifungwa vizuri katika mizigo, ikachukuliwa kwenda makwao.

Msomaji asifikiri kwamba safari hiyo ilikuwa matembezi. Mwenye kutoka milima ya Manyovu alikwenda siku nyingi kwa miguu, na alirudi akipanda milima hali ana mzigo kichwani. Watu hawakwenda mmoja mmoja, bali kwa makundi, na wageni wakiongozwa na mtu aliyekwisha kuiona njia. Palikuwa na simba, palikuwa na wanyang'anyi, na palikuwa na hongo. Mwandishi wa habari Henry Stanley, alipopita Buha mwaka wa 1871 akimtafuta Dakta Livingstone, alitozwa nguo nyingi na watawala wa njiani, mara baada ya mara. Mwisho alitafuta kiongozi, akawatoa watu wake kijijini usiku, wakapita porini kimya kimya ili waepuke hongo nyingine, na hivyo wakafika Ujiji. Ikiwa mgeni mwenye bunduki na wapagazi wengi aliona taabu namna hiyo, tufikiri basi juu ya kijana mwenye mkuki mmoja na mzigo wa chumvi.

Na sasa tutaona jinsi chumvi ilivyoingia katika posa. Chumvi haikuwa kitoweo tu, ilikuwa mali. Kwa chumvi mtu alipata majembe ya chuma, na kwa majembe alipata mbuzi. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa mahari ya watu wa kawaida. Wenye ng'ombe walitoa ng'ombe, nao walikuwa zaidi Watutsi na watu wa jamaa ya Mwami. Mtu asiye na ng'ombe aliweza kumwendea mwenye ng'ombe, akampa heshima na utumishi, akapewa ng'ombe wa kutunza. Ndiyo desturi iliyoitwa ubugabire. Lakini ng'ombe wa namna hiyo alimfunga kwa bwana wake, na huenda akamfunga na mwanawe. Kijana aliyetaka kuoa pasipo kujifunga hivyo alitazama miguu yake mwenyewe, akafuata njia ya chumvi.

Jembe lilistahili kuwa mahari kuliko vitu vingi. Kwanza halifi wala haliibwi upesi kama mbuzi. Pili lilikuwa chombo cha kazi, na katika nchi ya wakulima mwenye kumtoa binti hupungukiwa mkono shambani. Mahari haikuwa bei ya mtu, bali ilikuwa ushahidi. Majembe yale yalipopokewa mbele ya jamaa za pande mbili, kila mtu alijua kwamba ndoa imekuwa, na watoto ni wa nani. Na ndoa ikivunjika, wazee walirudi kuhesabu palepale walipoanzia.

Posa yenyewe haikufanywa na kijana mwenyewe kwa kinywa chake. Shauri lilikuwa la wazee, nao walimtumia mshenga, mtu mzima mwenye maneno ya taratibu. Alikwenda kwa wazazi wa binti, akapiga magoti ya heshima, akazungumza habari za mvua na mavuno kabla ya kugusa jambo lililomleta. Pombe ililetwa, ya ndizi au ya nafaka, na kunywewa kwa pombe hiyo kulikuwa na maana yake. Wazazi wasipoinywa, mshenga alijua kwamba amekataliwa, na hakuna aliyetukanwa. Wakiinywa, basi mlango umefunguliwa, na mazungumzo ya mahari yataanza. Na binti je? Hatuwezi kuificha kweli: mara nyingi neno lake halikuulizwa mbele ya watu. Palipokuwa na mama mwenye busara aliulizwa pembeni, na pasipokuwa naye hakuulizwa kabisa. Desturi za kale zilikuwa na uzuri wake, na upungufu wake pia.

Lakini tuangalie jambo moja ambalo ni rahisi kupitwa nalo. Safari ya chumvi ilikuwa na mwisho unaojulikana. Kijana aliyeondoka mwezi wa Juni ilimpasa kurudi kabla ya mvua za kwanza, kwa maana mvua ikianza, chemchemi haifai, mito haivukiki, na shamba lamngoja. Kwa hiyo ahadi yake kwa wakwe ilikuwa na mlinzi, nao ni mawingu. Binti alingoja kipupwe kimoja, pengine viwili, akijua hesabu yake. Na wazee walipotazama mzigo alioleta walijifunza mengi kuliko thamani yake. Walijua kama ni mtu wa kuvumilia, kama huelewana na wenziwe njiani, na kama hushika neno lake. Njia ilikuwa mtihani wa mwoaji.

Mambo haya yaligeuka katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Wajerumani walitoza kodi ya fedha, na kupika chumvi Uvinza kukawa kazi ya kampuni. Reli ilifika Kigoma mwaka wa 1914. Baada ya vita, Wabelgiji walitawala hapa mpaka mwaka wa 1921, kisha wakaja Waingereza, na kodi ikaendelea. Buha haikuwa na zao la kuleta fedha za kutosha. Zao lake likawa ni nguvu za vijana. Walikwenda kwa maelfu kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Tangu mwaka wa 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na ofisi ya kuwaandika na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba yake, na kwa hiyo waliitwa manamba.

Hapo ndipo njia na posa zilipoachana. Kijana bado alisafiri ili apate mahari, nayo sasa ilihesabiwa kwa shilingi. Lakini safari hii haikuongozwa na mvua. Mkataba ulipokwisha aliweza kuongeza mwingine, na mwingine tena. Wengine walirudi na blanketi, baiskeli na fedha, wakaoa. Wengine hawakurudi kabisa, wakafanya makao hukohuko pwani. Nyumbani binti aliyeposwa alingoja bila hesabu, si mke wala si mwali. Na baba yake, akiisha kupokea sehemu ya mahari, hakuweza kumpa mwingine pasipo ugomvi. Tukisema kwamba kazi ya mkonge ilichukua nguvu za Buha, tusisahau kwamba ilichukua pia miaka ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari la namba yo yote.

Leo Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 yasema ya kuwa ndoa ni hiari ya wawili hao, na kwamba kutotimizwa kwa mahari hakuibatilishi. Hivyo upungufu wa kale umepata dawa yake katika sheria. Lakini vijana wa Manyovu, Kasulu na Kibondo wangali wakisafiri kutafuta mali, na wazazi wangali wakitaja mahari. Wazee waliopanga mahari ya majembe walijua kipimo: walitaka kitu ambacho mtu aweza kukiendea na kurudi nacho kabla ya mvua. Mzazi anayetaja kiasi ambacho kijana hawezi kukipata ila kwa kupotea miaka mingi, huyo hajengi nyumba ya binti yake, bali anaifukuza. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote.

Walimu wangefanya vizuri kuwatuma wanafunzi wakawaulize wazee waliobaki juu ya njia ya chumvi, na juu ya bibi zao waliongoja, wakaandike majibu yao katika madaftari maadamu wazee hao wapo.