Kuhamia Toleo Jipya la Kiunda-Kurasa bila Kupoteza Masomo

Makala haya yanawahusu walimu na wanafunzi ambao, pamoja na kazi ya kufundisha au kujifunza Kiswahili, wamejikuta wakitunza tovuti ya idara. Wengi wao si wataalamu wa kompyuta. Walipewa nenosiri kwa sababu walionekana wanaweza. Kwa muda mrefu kazi yao huwa nyepesi: kupakia ratiba ya mitihani, kuongeza zoezi la ngeli, kusahihisha jina la mhadhiri. Kisha siku moja wakiingia tovutini hukuta tangazo kwamba toleo jipya la programu iliyounda kurasa liko tayari, na chini yake kuna kitufe. Tutaeleza yanayopaswa kufanywa kabla ya kubonyeza kitufe hicho na baada yake, ili masomo yaliyokusanywa kwa miaka yasiharibike.

Kwanza istilahi. Tovuti nyingi za aina hii hutumia WordPress, mfumo ulioanza mwaka 2003. Juu ya mfumo huo hupachikwa kile tutakachokiita hapa kiunda-kurasa, yaani programu inayomwezesha mtu kupanga maandishi, picha na sauti kwenye ukurasa kwa kuviburuta kwa kipanya, bila kuandika msimbo. Divi ilitoka Desemba 2013 na Elementor mwaka 2016. WordPress yenyewe ilileta kihariri chake cha vitalu katika toleo la 5.0, tarehe 6 Desemba 2018. Majina haya matatu yanatutosha, kwa kuwa kila kimoja kinahifadhi maandishi kwa njia yake, na hapo ndipo hatari ya kuhama inapoanzia.

Msomaji akifungua ukurasa wa somo la viambishi, anaona kitu kimoja: somo. Kwenye seva hakuna kitu kimoja kama hicho. Kuna mafaili (programu yenyewe, picha, sauti), na kuna hifadhidata ambamo maneno ya somo yamewekwa. Toleo la 4 la Divi na yaliyolitangulia yaliyaweka maneno hayo katikati ya misimbo mifupi ya mabano ya mraba: mabano ya kufungua sehemu, mabano ya safu, mabano ya moduli ya maandishi, kisha sentensi zetu, kisha mabano ya kufunga. Ukiiondoa Divi ya aina hiyo, mabano yote hujitokeza mbele ya msomaji, na somo husomeka kama shamba lililojaa magugu. Elementor huweka mpangilio wa ukurasa pembeni, mahali pake pekee katika hifadhidata, na kuacha nakala sahili ya maandishi mahali pa kawaida. Ukiiondoa, sura hupotea lakini maneno hubaki yanasomeka. Kihariri cha vitalu huzungushia kila aya alama ambazo kivinjari hakizionyeshi, hivyo hata kikizimwa somo halibadiliki sana.

Sasa toleo jipya linapokuja na umbo jipya la kuhifadhi, kama ilivyofanya Divi 5 ilipoiachia misimbo mifupi na kuchukua umbo linalokaribiana na la vitalu, kuhama si kubadilisha programu tu. Kurasa zenyewe huandikwa upya ndani ya hifadhidata. Elementor nayo, baada ya baadhi ya matoleo, huomba ruhusa ya kusasisha data yake. Jambo hili lina tokeo ambalo watunzaji wengi hulitambua wakiwa wameshachelewa: ukirudisha programu ya zamani peke yake, itakuta data ya umbo jipya ambayo haiwezi kuisoma. Ukirudisha hifadhidata ya zamani peke yake, utakuwa na programu mpya juu ya data ya zamani, na huenda ikaanza kuihamisha tena. Mafaili na hifadhidata ni lazima virudi pamoja, vikiwa vimenakiliwa wakati mmoja. Kitufe cha kurudi toleo la nyuma ambacho baadhi ya viunda-kurasa hukitoa hurudisha programu; hakirudishi maneno yako.

Kwa hiyo nakala ya akiba ndiyo kazi ya kwanza, na nakala isiyowahi kurejeshwa haistahili bado kuitwa nakala. Faili la hifadhidata linaweza kuwapo, lina jina zuri na tarehe, kumbe lilikatika katikati kwa sababu muda wa seva uliisha. Njia pekee ya kujua ni kulirejesha mahali pengine na kuona kama tovuti inafunguka. Mahali hapo pengine pawe nakala ya majaribio: tovuti ile ile, kwenye anwani nyingine, iliyofungwa kwa nenosiri na kuzuiwa isiingizwe katika matokeo ya Google. Hivyo kazi mbili zinafanyika kwa mkupuo mmoja. Umethibitisha kuwa nakala ni nzima, na umepata uwanja wa kujaribia toleo jipya.

Kuihamishia tovuti kwenye anwani ya majaribio kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa polepole, maana unawanasa hata watu wenye uzoefu. Anwani ya tovuti imeandikwa mara nyingi ndani ya hifadhidata. Mtu hufungua faili kwa kihariri cha maandishi, akabadilisha kila palipo na anwani ya zamani kwa ile mpya, akafunga. Tovuti ikifunguka, mipangilio ya pembeni haipo, menyu zimevurugika. Sababu ni kwamba baadhi ya mipangilio huhifadhiwa pamoja na hesabu ya urefu wake: kabla ya neno kuna tarakimu inayosema neno hili lina baiti ngapi. Ukibadilisha "kiswahili" kuwa "jaribio", tarakimu bado inasema 9 wakati neno sasa lina 7, na programu inayosoma inakataa kifurushi kizima. (Neno "majaribio" lina herufi 9 pia, hivyo lingepita salama kwa bahati tu, lakini si busara kuendesha tovuti kwa bahati.) Tumia chombo kinachojua kuzirekebisha hesabu hizo, kama vile amri ya kutafuta na kubadilisha iliyomo katika WP-CLI. Elementor ina chombo chake cha kubadilisha anwani, kwa sababu mpangilio wake huandikwa kwa namna ambayo mkwaju wa anwani hutanguliwa na mkwaju mwingine, na utafutaji wa kawaida huupita bila kuuona.

Hapa tunafika kwenye jambo linaloihusu lugha yetu hasa. Kiswahili sanifu kinaandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, bila alama juu ya irabu. Tunajivunia urahisi huo, lakini katika kuhamisha tovuti unaweza kutudanganya. Hifadhidata ikirejeshwa kwa usimbaji usio wake, yaani maandishi ya UTF-8 yakasomwa kana kwamba ni ya Windows, ukurasa wa Kiswahili utaonekana mzima kabisa. Mtunzaji ataangalia kurasa tano, ataridhika, atakwenda kulala. Kosa litakuwa limejificha kwenye herufi chache tu. Neno ng’ombe lililobandikwa kutoka Word likiwa na kiritamu iliyopinda litaonekana kama ngâ€™ombe. Maelezo ya Kifaransa, ambayo idara za Burundi, Rwanda na Kongo huyatumia kando ya Kiswahili, yatatoa Ã© kila palipo na é. Mashairi yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu yatageuka kuwa msururu wa alama zisizo na maana. Tengeneza basi ukurasa mmoja wa kupimia, wenye ng’ang’ania, sentensi moja ya Kifaransa, mstari mmoja wa hati ya Kiarabu na alama za kunukuu za kila aina. Ukurasa huo ukipita, umeona zaidi ya ambavyo kurasa hamsini za kawaida zingekuonyesha.

Kiritamu hiyo ina kisa kingine. WordPress, inapoonyesha maandishi, hugeuza kiritamu iliyonyooka kuwa iliyopinda, ili ukurasa upendeze. Ndani ya hifadhidata haijabadilika. Ni onyesho tu. Katika maandishi ya kawaida hakuna ubaya. Katika mazoezi yanayojisahihisha upo. Tuseme jibu sahihi ni ng'ombe, na mwanafunzi anaandika kwa kibodi yake kiritamu iliyonyooka. Ikiwa toleo la zamani liliweka orodha ya majibu ndani ya moduli ya msimbo isiyoguswa na ugeuzaji huo, na toleo jipya likaipitisha kwenye njia ya maandishi ya kawaida, jibu la kulinganishia sasa lina kiritamu iliyopinda. Mwanafunzi aliyeandika vyema ataambiwa amekosea. Hatalalamika, atadhani ni yeye asiyejua ng' inavyoandikwa, na mgeni anayejifunza sauti hiyo kwa mara ya kwanza atabeba shaka hiyo mpaka darasani. Kati ya madhara yote ya kuhama vibaya, hili naliona baya kuliko hata ukurasa kutofunguka, kwa sababu ukurasa usiofunguka hauko kimya. Jaribu mazoezi yote yenye ng', moja baada ya jingine, kwa kuandika majibu sahihi kwa mkono. Ni kazi ya saa chache, na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wataifanya vizuri kuliko programu yoyote.

Mengine ya kukagua kwenye nakala ya majaribio tuyapitie kwa haraka. Anwani za kurasa zisibadilike, maana zimenukuliwa katika tasnifu na katika muhtasari wa kozi. Sauti zicheze kwenye simu na si kwenye kompyuta ya ofisi pekee. Alama ya lugha iliyofichwa mwanzoni mwa kila ukurasa iendelee kusema kwamba lugha ni Kiswahili. Ikigeuka kuwa Kiingereza, programu inayowasomea wasioona itatamka "chai" na "paka" kwa matamshi ya Kiingereza. Vichwa vya habari vibaki vichwa kweli, visiwe maandishi makubwa tu.

Programu za nyongeza zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mara nyingi kinachovunjika si kiunda-kurasa bali kile kinachokitegemea. Agosti 2020, toleo la 5.5 la WordPress liliacha kupakia kiambata cha jQuery kilichokuwa kikizisaidia programu za zamani kuendelea kufanya kazi. Tovuti nyingi zilishikwa ghafla na vitufe visivyobonyezeka na picha zisizosogea, ingawa hakuna aliyekuwa amegusa chochote katika kurasa zenyewe. Iwapo zoezi lenu la kuburuta viambishi liliundwa na mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu, kwa programu ambayo mwenyewe hajaisasisha tangu zama hizo, ulijaribu kabla ya yote. Angalieni pia toleo la PHP la seva. WordPress 6.6, ya Julai 2024, haikubali PHP iliyo chini ya 7.2.24, na viunda-kurasa vipya huweza kudai zaidi ya hapo. Seva ya chuo inayotunzwa na idara nyingine huenda haijafikia huko, na ombi la kuisasisha linaweza kuchukua majuma. Ni afadhali liandikwe mapema.

Siku yenyewe ichaguliwe kwa kalenda ya chuo. Juma la mitihani halifai, wala Ijumaa jioni, wakati ambapo wa kusaidia hayupo. Tangazeni kuwa kwa saa kadhaa hakuna atakayeongeza wala kuhariri chochote, kwa sababu kazi ya mwanafunzi iliyopakiwa baada ya nakala ya akiba kuchukuliwa itapotea mkilazimika kurudi nyuma. Chukueni nakala mpya siku hiyo hiyo, msitegemee ya juma lililopita. Ishushwe kwenye diski iliyo nje ya seva. Kisha sasisheni kwa mpangilio ule ule uliofaulu kwenye majaribio, hatua kwa hatua, mkifungua tovuti baada ya kila hatua.

Wakati wa kusasisha, WordPress huweka faili dogo liitwalo .maintenance, nalo huwaonyesha wageni ujumbe kwamba tovuti iko katika matengenezo. Kazi ikikatika njiani, kwa mfano seva ikizimika, faili hilo linaweza kubaki na tovuti ikaendelea kuonekana imefungwa. Si msiba. Mfumo hulipuuza faili hilo likipita dakika 10, au mwenye ruhusa hulifuta kwa mkono. Lakini ujumbe kuondoka hakumaanishi kuwa kazi ilikamilika: rudieni usasishaji uliokatika kabla ya kuendelea. Baadaye futeni akiba ya muda ya tovuti na ya kivinjari ndipo mhukumu matokeo, la sivyo mtakuwa mnatazama ukurasa wa jana.

Tangu toleo la 5.2, la Mei 2019, WordPress ikipatwa na kosa kubwa humtumia mtunzaji barua pepe yenye kiungo cha kumwingiza ndani hata kama tovuti imezima. Kiungo hicho kimeokoa wengi. Huenda kwenye anwani iliyoandikwa katika mipangilio ya jumla, na hapo ndipo pa kutazama kabla ya kuanza: anwani hiyo ni ya nani, na bado yuko idarani? Ikiwa ni ya mtu aliyeondoka, ibadilishwe leo hii, na ikiwezekana iwe ya idara badala ya mtu mmoja.

Nakala ya zamani isifutwe tovuti ikionekana kutulia. Kurasa nyingine hufunguliwa mara moja kwa muhula, kama fomu ya usajili au orodha ya mada za tasnifu, na kasoro yake haitaonekana mpaka msimu wake ufike. Ihifadhiwe hadi muhula mzima upite, pamoja na karatasi inayosema ilichukuliwa lini, ina toleo gani la kila programu, na inarejeshwa vipi.