Waifai ya Wateja na Tableti ya Malipo: Zitenganishe Hivi

Una hoteli, saluni au duka lenye waifai ya bure? Basi jiulize: tableti unayopokelea malipo iko kwenye mtandao mmoja na simu ya kila anayeingia kunywa chai? Kama ndiyo, makala hii ni yako.

Kila kifaa kwenye mtandao kina namba yake, yaani anwani ya IP. Mtandao mdogo wa kawaida, mfano 192.168.1.0/24, una namba 256. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote. Unabaki na 254.

Sasa fikiria ploti. Jirani wa ploti yako unamgongea mlango tu. Ukienda ploti nyingine, lazima upite getini kwa soja. Subneti ni ploti, na ruta ndiyo geti.

Tugawe ploti zetu, tukianza na kundi kubwa:

- Wateja: 192.168.1.0/25, namba 126. Usihesabu viti pekee, kwa sababu mteja akiondoka namba yake hubaki imeshikwa hadi muda uliowekwa kwenye ruta uishe.
- Malipo: 192.168.1.128/26, namba 62.
- Ofisi na kamera: 192.168.1.192/26, namba 62.

Katika kila kundi, namba moja ni ya ruta.

Ruta inahitajika lini? Tableti na printa ya risiti zikiwa zote kwenye subneti ya Malipo, zinaongea moja kwa moja. Ukiiacha printa kwenye subneti ya Ofisi, kila risiti itapitia ruta. Ruta ikizuia, risiti hazitoki na foleni ya saa saba mchana inasimama. Kwa hivyo weka pamoja vifaa vinavyofanya kazi pamoja. Safari ya kwenda intaneti, nayo, lazima ipitie ruta kila mara.

Lakini chunga: kugawa namba pekee hakufungi mlango. Mtu anaweza kubadilisha namba ya simu yake kwenye mtandao akajiweka ploti ya jirani, na ruta nyingi hupitisha kila kitu kati ya subneti mpaka ziambiwe zisipitishe. Mwambie fundi wako afanye mambo mawili:

1. Aweke waifai ya wageni yenye jina na nenosiri lake, iliyotengwa kabisa na ya malipo (fundi ataijua kama VLAN).
2. Aweke kanuni kwenye ruta: wateja waende intaneti tu, wasifike Malipo wala Ofisi.

Akimaliza, jaribu mwenyewe. Ingia waifai ya wateja kwa simu yako, kisha ujaribu kufungua ukurasa wa kamera. Ukifunguka, kazi bado haijaisha, usimlipe kwanza!

Na kama kawaida: PIN yako ni siri yako, hata kwa fundi wa mtandao.