Ulimi Mzito, Neno Zito: Udhaifu wa Nabii katika Kitabu cha Yeremia

Tunapohakiki wahusika wa Biblia ya Kiebrania, wengi wetu tuna haraka ya kuwaita manabii mashujaa. Lakini hebu tuwatazame wanavyoingia jukwaani. Musa anadai ulimi wake ni mzito. Isaya analalamika kwamba midomo yake ni michafu. Yeremia anajitetea: yeye ni kijana tu, hajui kusema. Mbona watu ambao kazi yao ni kusema wanaanza na kasoro ya kinywa? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kumtazama zaidi Yeremia.

Kwanza, fani. Mwaka 1965 mhakiki Norman Habel alionyesha kwamba masimulizi ya wito yana muundo wa hatua sita: Mungu hujitokeza, huzungumza, hutoa kazi, anayeitwa hupinga, hutulizwa, kisha hupewa ishara. Kwa hiyo kule kupinga si aibu ya mtu binafsi tu. Ni sehemu ya muundo. Kazi yake ni kumthibitishia msikilizaji kwamba maneno yatakayofuata hayakutungwa na msemaji. Asiyejua kusema akisema, basi kuna mwingine anayesema.

Je, udhaifu huo huondolewa? Hapa ndipo tunapokosea. Ulimi wa Musa hauponywi. Analetewa Haruni awe msemaji wake. Yeremia, aliyeitwa takribani mwaka 627 K.K., anaguswa kinywa na kuahidiwa kuwa kama nguzo ya chuma na kuta za shaba. Lakini tukifika sura ya 20, kuta hizo ziko wapi? Kuhani Pashuri amempiga na kumfunga kwenye mkatale. Yeremia anamshtaki Mungu kwamba amemhadaa na kumzidi nguvu. Akijaribu kunyamaza, neno linamwaka ndani ya mifupa kama moto. Sura inafungwa kwa kilio cha kuilaani siku aliyozaliwa.

Tuzingatie taswira hizo mbili. Shaba iko nje, humkinga mtu. Moto uko ndani, humtesa. Nguvu ya Mungu haikuja kuchukua nafasi ya udhaifu wa Yeremia. Imekaa humo humo, na inauma. Waliokikusanya kitabu wangeweza kukifuta kilio hicho ili nabii wao apendeze, lakini walikiacha.

Sura ya 36 inalisukuma jambo hili hadi mwisho. Yeremia amezuiwa kuingia hekaluni, hivyo Baruku anaandika maneno yake na kwenda kuyasoma. Safari hii hata kinywa chenyewe hakipo! Gombo linapofika kwa Mfalme Yehoyakimu, anakaa kando ya moto wa makaa, analikata kwa kisu kipande baada ya kipande na kuliteketeza lote. Mwenye kiti, kisu na moto ni mfalme, nabii amejificha. Kumbe gombo linaandikwa upya, tena kwa nyongeza.

Tukimpima Yeremia kwa kipimo cha shujaa wa vita, tutamwona mhusika aliyeshindwa. Tena tukihubiri kwamba aliyeitwa lazima apone unyonge wake, tunawanyima wanyonge ushahidi ambao kitabu hiki kimewatunzia: mtu anaweza kulia hadi mwisho, na neno lake bado likasimama.