Bumu Halina Tarehe

Kila bajeti ya elimu ya juu inaposomwa, swali la kwanza huwa ni kiasi. Mwaka wa fedha 2020/21 Serikali ilitenga Sh464 bilioni kwa mikopo ya wanafunzi. Mwaka uliofuata zikawa Sh570 bilioni, na kufikia 2024/25 zilikuwa zimekaribia Sh790 bilioni. Posho ya chakula na malazi nayo ilipanda kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, kwa hiyo awamu moja ya siku 60, ile ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ikatoka Sh510,000 hadi Sh600,000. Hatua hizi ni za kweli na asiyezikiri hatendi haki. Hata hivyo, ukikaa na wanafunzi wa Malimbe, Nyegezi au Bugando hapa Mwanza, wanalalamikia siku kuliko kiasi: muhula umeanza, jina limo kwenye orodha, Bodi ya Mikopo imeshatangaza kwamba fedha zimetoka, na akaunti bado haina kitu. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kero hii inatokana na namna chuo kilivyowekwa kati ya mkopeshaji na mkopaji, kikapewa kazi tatu zisizopatana, bila kupewa tarehe ya kumaliza hata moja.

Tufuate njia inayopita fedha hizo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, ikirithi utaratibu wa mikopo uliokuwa chini ya wizara tangu katikati ya miaka ya 1990. Mkopo inaoutoa umegawanyika mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, mafunzo kwa vitendo. Ada huenda chuoni na haina mjadala mrefu. Mafungu mengine ni ya mwanafunzi mwenyewe, lakini kwa miaka mingi nayo yalipitia akaunti ya chuo: Bodi inatuma orodha na fedha, afisa mikopo anaita majina, wanafunzi wanapanga foleni kusaini, chuo kinapeleka orodha benki, benki inaingiza kwenye akaunti moja moja. Kabla ya hayo yote kuna hatua nyingine mbili zinazokitegemea chuo. Mwaka wa kwanza lazima kithibitishe kwamba mwanafunzi amesajiliwa. Na kwa anayeendelea lazima kiwasilishe matokeo yanayoonyesha kwamba hajadisko, yaani hajaondolewa chuoni kwa kufeli, wala hajaahirisha masomo. Jina likikosewa herufi moja, namba ya mtihani wa kidato cha nne ikitofautiana na ile ya usajili, au matokeo ya somo moja yakichelewa kwa sababu mhadhiri hajamaliza kusahihisha, malipo ya mtu huyo yanakwama, na wakati mwingine ya darasa zima.

Hapa ndipo kazi tatu zinapogongana. Chuo ni mthibitishaji, maana ndicho kinachojua nani yupo na nani hayupo. Chuo pia ni mlipaji, pale fedha zinapopita mikononi mwake. Lakini vilevile chuo ni mdai wa mwanafunzi yuleyule. Mkopo hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, na wengi hawapati ada yote. Kinachobaki wanadaiwa na chuo. Vyuo vingi huweka sharti kwamba usajili haukamiliki mpaka kiasi fulani cha ada kilipwe. Kwa chuo binafsi, ambacho mishahara ya wahadhiri inatokana na ada, sharti hilo lina mantiki. Tatizo linaanza pale asiyesajiliwa anaposhindwa kuthibitishwa, asiyethibitishwa anaposhindwa kulipwa, na asiyelipwa anapokosa nauli na chakula cha kumwezesha kuendelea kuhangaikia hiyo ada iliyobaki. Mtu mmoja ameshika ufunguo wa mlango na wakati huohuo anamdai aliye nje. Sihitaji kumtuhumu mhasibu yeyote kwa nia mbaya ili kuona kwamba mpangilio wa namna hii utazaa ucheleweshaji hata ukiendeshwa na watu waadilifu.

Kuchelewa kuna bei, na Mwanza bei hiyo inaonekana wazi. Mabweni hayawatoshi wote, hivyo wanafunzi wengi wanapanga vyumba vya mtaani, Malimbe, Luchelele, Nyegezi hadi Mkolani, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mama ntilie anaweza kuandika deni kwenye daftari kwa wiki moja au mbili, kisha naye anahitaji mtaji wa unga na dagaa. Baada ya hapo kinachobaki ni mkopo wa simu au wa mtaani, ule ambao Watanzania wenyewe wameupa jina la kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na wanafunzi wenye simu janja na akaunti tupu ni miongoni mwa wateja rahisi wa biashara hiyo. Tuseme mwanafunzi anakopa Sh100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi huku akisubiri bumu la Sh600,000. Mwezi mmoja wa kuchelewa umemla Sh30,000, sawa na siku tatu za chakula na malazi kwa hesabu ya Serikali yenyewe. Likichelewa miezi miwili, siku sita zimeyeyuka, na hajanunua hata kitabu. Ongezeko la Sh1,500 kwa siku, ambalo wanafunzi walililia kwa miaka, linaweza kuliwa na kuchelewa tu bila mtu yeyote kuiba senti.

Wapo wanaosema mzazi azibe pengo. Kwa kaya yenye mshahara wa mwisho wa mwezi hilo linawezekana. Lakini hebu fikiria kaya ya Ukerewe, Sengerema au kando ya Musoma inayoishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mkubwa mitumbwi hupumzika na fedha hukauka ufukweni kwa siku kadhaa. Familia hizo zimezoea kupanga matumizi kwa kalenda ya mwezi, na zinaipanga vizuri kuliko wengi wetu wa ofisini tunavyopanga mishahara. Zinachoshindwa ni kupangia fedha isiyo na kalenda. Mzazi akiambiwa kwamba bumu litaingia tarehe 15, atajua kama atume kitu au asubiri. Akiambiwa "litaingia muda wowote", hana la kufanya.

Sasa linganisha na safari ya fedha inaporudi. Mkopo ukianza kurejeshwa, sheria inamtaka mwajiri aijulishe Bodi ndani ya siku 28 kwamba amemwajiri mhitimu mwenye deni, akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na apeleke makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha; akishindwa, kuna adhabu. Kwa mnufaika mwenyewe, hadi 2021 kuchelewa kulikuwa na faini ya asilimia 10, na juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ile ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi 2021 hapahapa Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba. Shangwe za siku ile zilistahili. Lakini ona jinsi fikra ya tozo ile ilivyokuwa: Serikali ilikubali kwamba fedha inayochelewa hupungua thamani, ikamtoza mkopaji kwa sababu hiyo. Kanuni hiyo haikuwahi kufanya kazi upande wa pili. Mwajiri ni mtu wa kati kama chuo kilivyo mtu wa kati; mmoja amewekewa siku 15 na adhabu, mwingine ana maelekezo ya kiutawala ambayo hayampi mwanafunzi haki ya kudai chochote siku zikipita.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja hii ni wizi. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Joyce Ndalichako, iliendesha uhakiki vyuoni kuwasaka wanafunzi hewa waliokuwa wakilipwa mikopo, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimerudia kutaja malipo kwa watu walioacha masomo. Kusaini mbele ya afisa, wanasema watetezi wa utaratibu huo, ndiyo kinga. Nakubali kwamba uhakiki ni wa lazima, na kwamba chuo ndicho chenye uwezo wa kuufanya. Ila ripoti hizohizo za CAG zinataja jambo jingine: fedha ambazo hazikusainiwa, zikabaki kwenye akaunti za vyuo bila kurejeshwa Bodi kwa wakati. Yaani kupitisha fedha kwa mlipaji wa kati hakukuzuia hasara. Kulizalisha aina mpya ya hasara. Kuthibitisha kwamba mtu yupo na kushika fedha zake ni mambo mawili, na kinachozuia wanafunzi hewa ni lile la kwanza.

Wenzetu wametenganisha mambo haya kwa viwango tofauti. Uingereza, shirika la mikopo ya wanafunzi hulipa fedha za kujikimu moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya mwanafunzi kwa awamu tatu kwa mwaka. Kazi ya chuo ni kuthibitisha usajili tu. Kenya, bodi ya HELB iliyoundwa 1995 hupeleka ada chuoni na fedha za kujikimu kwa mwanafunzi. Marekani ni mfano wa kuvutia kwa sababu utaratibu wao unafanana na wetu wa zamani: fedha za mkopo wa serikali hufika chuoni kwanza, chuo kinakata ada, kisha kinamrudishia mwanafunzi kinachobaki. Huko nako kulizuka malalamiko, hasa pale vyuo vilipoingia mikataba na kampuni za kadi za malipo zilizowatoza wanafunzi makato kwenye fedha zao wenyewe, mpaka wizara yao ya elimu ikakaza masharti 2015. Lakini hata wao, waliokiacha chuo kishike fedha, wamekiwekea ukomo: salio la mwanafunzi lazima limfikie ndani ya siku 14. Mwanafunzi wa kule anajua siku ya 15 aanze kumlalamikia nani.

Wa kwetu hajui. Desemba 2019 serikali ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DARUSO, iliipa Bodi saa 72 kutatua malipo yaliyokwama, na viongozi wake wakaishia kusimamishwa masomo. Tuache kujadili lugha waliyotumia. Linalonihusu hapa ni kwamba tarehe ya mwisho ilibidi itungwe na wanafunzi kwa sababu haikuwepo nyingine. Bodi huweza kusema imeshatuma. Chuo huweza kusema bado kinahakiki. Benki huweza kusema majina yana kasoro. Na kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli.

Vyuo vina jibu lao, nalo lisipuuzwe: mara nyingine Hazina ndiyo inayochelewa, na chuo kinabeba lawama ya fedha ambayo hakijaiona. Ni kweli. Ndiyo maana tarehe ya chuo inapaswa kuhesabiwa kuanzia siku fedha au orodha inapokifikia, na siku hiyo iwekwe hadharani. Chuo chenye haraka kitanufaika kuliko wote, kwa kuwa kila mtu ataona kwamba siku zimepotelea Dodoma, si Nyegezi.

Litakaloulizwa sasa ni kama jambo hili halijapitwa na wakati. Bodi imeanzisha mfumo wa kidijiti ambamo mwanafunzi anathibitisha kwa alama za vidole na fedha kwenda moja kwa moja benki. Huo ni uamuzi sahihi, na unaondoa kazi moja kati ya zile tatu. Lakini alama za vidole bado zinachukuliwa chuoni, kwenye mashine iliyopo chuoni, na kwa ratiba ya chuo. Matokeo bado yanapakiwa na chuo. Na sharti la ada kabla ya usajili liko palepale. Foleni ya kusaini imefupishwa, ile ya kuthibitishwa haijaguswa. Na tangu 2023/24 mikopo imefika pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani teule, kwenye vyuo vya kati ambavyo baadhi havijawahi kuwa na dawati la mikopo. Huko afisa mikopo anaweza kuwa mwalimu mwenye vipindi, ambaye pia ni mlezi wa wanafunzi. Kabla mazoea ya vyuo vikuu hayajahamia kwake, Bodi ina nafasi ya kumwandikia mambo mawili katika mwongozo: siku saba za kazi za kuthibitisha kila jina au kueleza kwa maandishi kwa nini halijathibitishwa, na ruhusa ya kumsajili kwa muda mnufaika mwenye deni la ada ili posho yake isiwe rehani. Ofisi ya kanda ya Bodi iko hapa Mwanza. Inaweza kubandika kila mwezi orodha ya vyuo vya Kanda ya Ziwa na idadi ya siku ambazo kila kimoja kimetumia.