Je, Wajua? Tapeti Ikilia, Tega Sikio

Sogea hapa karibu na boneti, msomaji. Washa gari, kisha tulia. Unasikia tik-tik-tik nyepesi, ya haraka, kama cherehani ya fundi anayekimbizana na sare za shule? Hizo ni tapeti, vyuma vidogo vinavyosukuma valvu zifunguke, na zina maajabu!

Je, wajua kwamba injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja? Injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya IST na Probox zilizojaa barabarani kwetu, ina valvu 16. Piga hesabu ya saa moja tu: mara 1,440,000!

Je, wajua kwamba injini hiyo ikiwa baridi na valvu imefungwa, tapeti na kemshafti, mhimili unaoisukuma, havigusani? Valvu ya kuingiza hewa huachiwa nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25, na ya kutoa moshi 0.25 hadi 0.35. Sababu ni moto: chuma cha sentimita 10 kikipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka zaidi ya nusu milimita! Nafasi ikizidi kipimo, chuma hugonga chuma, nawe unasikia cherehani.

Sasa shika hili. Injini iliyonyamaza kimya inaweza kuwa ndiyo mgonjwa zaidi! Nafasi ikibana mno hakuna kelele yoyote, ila valvu haikai vizuri kwenye kitako chake, na kitako hicho ndicho kinachoipoza. Matokeo yake valvu inaungua, na wewe hujasikia hata tik moja.

Je, wajua kwamba kwenye 1NZ-FE hakuna skrubu ya kukaza tapeti? Fundi hufungua kava, hupima nafasi kwa filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, huchomoa tapeti yenyewe, yaani kikombe cha chuma kinachokaribia ukubwa wa kizibo cha soda, kisha huweka kingine kinene au chembamba zaidi. Unene wake huanzia milimita 5.06 hadi 5.74, kila kimoja kikimpita mwenzake kwa 0.02. Saizi 35, na kwa macho zote utadhani ni pacha!

Je, wajua kwamba kuna mtu kelele hii ilimkera mpaka akabuni injini nyingine kabisa? Ni Mmarekani Charles Yale Knight, mchapishaji wa gazeti la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Chicago. Aliziondoa valvu za kugonga, akaweka mikono ya chuma inayoteleza ndani ya silinda, na mwaka 1908 kampuni ya Daimler ya Uingereza ikaichukua injini yake. Ilikuwa kimya ajabu, ila ilikunywa oili na kutoa moshi wa bluu!

Dawa iliyodumu ni tapeti za haidroliki, zinazojirekebisha zenyewe kwa oili. Mfaransa Amédée Bollée alizibuni mwaka 1910, na Cadillac ikatumia ufundi huo kunyamazisha injini yake ya silinda 16 mwaka 1930. Siri yake ni oili haibonyei. Ndani mna pistoni ndogo iliyobana mno, pengo lake ni jembamba kuliko unywele wako, na gololi inayozuia oili isirudi.

Lakini hewa hubonyea! Kiputo kikiingia, tapeti inageuka sponji na kelele inaanza. Fundi mzuri huitumbukiza kwenye oili safi na kuisukuma taratibu mpaka mapovu yaishe, kisha huibana kwa kidole gumba. Nzima ni ngumu kama jiwe. Ikiwa bado inabonyea, hiyo haina kazi tena.

Tena, wajua kwamba oili nyingi nayo huleta kelele? Ikipita alama ya juu, krenkishafti inaweza kuichapa mpaka ipige povu kama juisi ya parachichi kwenye blenda, na povu hilo ndilo linalofika kwenye tapeti.

Na ile W kwenye kopo la oili ya 5W-30? Ni kipupwe! Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, hata kama kopo linauzwa kwenye joto la Dar es Salaam.

Ukimwona fundi ameweka mpini wa bisibisi ndefu sikioni na ncha juu ya injini, usimcheke. Anafanya alichofanya daktari Mfaransa René Laennec mwaka 1816, alipokunja karatasi akasikiliza moyo wa mgonjwa na kuanzisha kifaa cha madaktari cha kusikilizia kifua. Bisibisi hiyo humwambia ni tapeti ipi inayolia, au kama mlio wenyewe unatoka kwenye nozeli za mafuta, ambazo tik-tik ni kawaida yake.

Mlio wa sekunde chache asubuhi, kisha kimya, mara nyingi ni oili iliyoteremka usiku na sasa inapanda. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, au taa nyekundu ya oili, ni jambo jingine: zima injini hapo hapo!

Basi kesho asubuhi, kabla hujawasha, chomoa stiki ya oili. Ifute, irudishe, ichomoe tena, uone alama. Kazi ya dakika moja, na huenda cherehani ikanyamaza kwa lita moja tu ya oili.