Dhahabu, Malaria na Kijiji Kisichopimwa

Msomaji wa Geita anauliza: ramani ya malaria imekipaka kijiji chao rangi nyekundu, ilhali hakuna mtoto wa pale aliyechomwa kidole kwenye utafiti. Rangi hiyo imetoka wapi?

Imetoka mgodini, si Geita, ni Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwaka 1951 mhandisi Danie Krige alikuwa akihangaika kukadiria dhahabu iliyomo kwenye mwamba ambao haujachimbwa, kwa sampuli chache tu. Mfaransa Georges Matheron akaijengea mbinu ya Krige hesabu kamili, na leo inaitwa krigingi.

Kwenye malaria hufanya kazi hivi. Chukua vijiji vilivyopimwa, viwiliviwili, kila jozi inayowezekana. Tafuta tofauti ya maambukizi baina yao, izidishe kwa yenyewe, kisha zipange jozi kwa umbali na uchore mstari. Za karibu hufanana. Umbali ukikua tofauti hupanda, mpaka mahali fulani mstari unalala. Kuanzia hapo, kijiji hakina la kukuambia juu ya mwenzake.

Mstari huo ndio unaogawa uzito kwa kila kijiji kilichopimwa tunapokisia kisichopimwa, na hapa ndipo ninapopapenda. Vijiji viwili vilivyobanana ni kama mashahidi wawili mbele ya wazee, waliochungulia tukio kupitia dirisha moja. Wamesimama wawili, ushahidi karibu ni mmoja. Wa tatu alikuwa peke yake upande wa pili wa ua. Neno lake moja laweza kuwa na uzito sawa na maneno ya wale wawili. Mzee mwerevu hahesabu vichwa, huuliza kila mtu alisimama wapi. Krigingi hufanya hivyohivyo, bila kikao.

Halafu kuna donge. Hata umbali ukikaribia sifuri, mstari hauanzii sifuri, kwa kuwa sampuli moja yaweza kuangukia donge la dhahabu na ya pembeni yake ikatoka kavu. Kwenye malaria, donge ni nyumba iliyopakana na dimbwi.

Mradi wa Malaria Atlas Project, ulioanza 2005, huongeza kwenye hesabu hiyo mvua, joto na mwinuko wa ardhi. Kila kisio pia huja na kiasi cha shaka yake, nacho huchorwa kwenye ramani ya pili. Msomaji wetu aiombe ramani hiyo ya pili.