Msalaba Uliokuja Ndani ya Kopo la Maziwa

Mjomba alinipigia simu nikiwa natoka zamu ya usiku, hapa Leipzig.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Ule msalaba wa babu nimekutumia kwa binamu yako, anafika Jumamosi. Upime vizuri, kuna mtu wa Dar ameshatoa kianzio."

Kwetu Tabora wanajua kwamba mimi nesi nina ugonjwa wangu mwenyewe: nakusanya nishani za kale za jeshi la Kijerumani. Nilianza kwenye gulio la Jumapili, nikanunua Msalaba wa Chuma kwa yuro 40. Ulikuwa bandia. Hasira ya yuro zile ndiyo iliyonisomesha, kuliko diploma yangu na shahada ya huku.

Nishani hii ilianzishwa na mfalme wa Prussia mwaka 1813, na Kaisari Wilhelm II akairudisha Agosti 1914. Ya mwaka huo, daraja la pili, ina taji juu, herufi W katikati na 1914 chini. Nyuma kuna majani ya mwaloni na 1813. Kwa kawaida ni vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za fedha zinazokibana mbele na nyuma, zikaunganishwa kwa lehemu ukingoni. Hapo ndipo waghushi wengi wanapokamatwa. Aliye mvivu humimina madini kwenye kalibu moja, akapaka nyeusi hapa na rangi ya fedha pale. Kwa hiyo naanza na ukingo, kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta ule mstari mwembamba wa maungio. Kisha sumaku, ile ile inayoshika orodha ya manunuzi kwenye friji yangu. Sumaku peke yake haitoshi, maana baadhi ya misalaba halisi ya wakati wa vita ilitengenezwa kwa madini mengine, na waghushi nao wanajua chuma kinauzwa wapi. Halafu kutu: ya kweli huanzia chini ya rangi na kuiinua. Hadithi ya muuzaji naisikiliza mwisho, kama nifanyavyo kwa kidonda.

(Ya 1939 siinunui. Ina swastika, na kuionyesha hadharani huku ni kosa kisheria. Gulioni wauzaji huifunika kwa kipande cha karatasi.)

Jumamosi binamu akafika na kopo la maziwa ya unga. Msalaba ulikuwa ndani, umefungwa kwa kipande cha kanga. Nilitamani uwe wa kweli. Ukingo haukuwa na maungio popote. Sumaku ilianguka. Kwenye mikono yake kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, alama za viputo vya hewa kwenye kalibu. Nikaupima mara tatu.

Kianzio kilikuwa shilingi milioni 2, na mjomba alikuwa ameshakilipia ada ya bintiye, anayesomea unesi kama mimi.

"Mnunuzi hajui tofauti," alisema. "Andika tu kwamba umeupima."

Nikamwambia siwezi.

"Kwa hiyo babu hakuwa askari?"

Sikusema hivyo. Babu yake anaweza kuwa alipigana miaka yote minne, na msalaba huu ukawa umetengenezwa baada ya yeye kufa. Mjomba akanikumbusha ya 1964, Ujerumani Magharibi ilipowalipa askari wazee malimbikizo ya mishahara. Inasimuliwa kwamba wasio na vyeti walipewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. "Wale walipimwa kwa ufagio, mama. Wewe unatupima kwa sumaku." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mama ndiye aliyekumbuka kwamba babu alipofariki kopo lile halikuwepo. Lililetwa miaka ya tisini na jamaa aliyekuwa akiwauzia watalii vinyago.

Nilichukua zamu za ziada Desemba nzima, pamoja na Krismasi, na mtu wa Dar akarudishiwa pesa yake yote. Mjomba hakunipigia hadi Februari. Aliponipigia, aliutaka msalaba wake. Nikaurudisha ndani ya kopo, pamoja na karatasi niliyoandika: "Si wa 1914." Ameniambia ameisoma, akaikunja tena, na kopo liko juu ya kabati, mahali pake pa siku zote.